Kuku wa Arobaini ya Baba Yako

Mwanangu Mwantumu,

Inatangazwa kwa wakazi wote wa nyumba hii, ambao kufikia kesho mchana watakuwa wamepungua mmoja, kwamba leo saa nne kasorobo asubuhi yule kuku mwekundu mwenye kishungi, aliyegoma kutaga tangu Jumatatu, ametaga ndani ya begi lako la safari, juu kabisa ya sketi nyeusi uliyoipiga pasi jana huku ukimsonya kila anayepita. Yai ni zima. Sketi nayo i hai, ingawa inahitaji maji. Uongozi wa nyumba, yaani mimi, umefanya uchunguzi na kubaini kwamba begi liliachwa wazi na uongozi wenyewe. Hakuna atakayechukuliwa hatua.

Haya. Nimeshakuchekesha. Sasa kaa chini.

Barua kama hii nasikia mzazi huiandika usiku, nyumba imetulia, machozi yanadondokea wino. Mimi usiku nitakuwa nakoroma, na wewe unajua nakoroma vipi. Naandika saa hizi kwa sababu umekwenda Kwa Mathias kununua ndoo na sabuni, na kwa jinsi unavyobishana na wauzaji nina saa mbili, pengine tatu. Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitalia, nawe ukiniona nalia utasema, "Basi mama, yaishe," na mimi nitakubali yaishe. Mimi ni hodari sana wa kukubali yaishe.

Sitakuambia ule, uswali, ulale mapema. Nani alikuwa anamwamsha mwenzake humu ndani alfajiri? Mtu anayepanda treni Soga kwenda Morogoro kusomea udaktari wa mifugo hahitaji kufundishwa kufunga mlango na mwanamke ambaye mwezi uliopita alifungia mbwa wa jirani ndani ya banda la kuku.

Ninachotaka kukuambia ni hiki, na nakiandika mapema kabla sijapata ujanja wa kukikwepa. Kuku wa baba yako hawakufa kwa kideri. Nilikudanganya. Umeuishi uongo wangu miaka kumi na moja, na kesho nisingependa upande nao treni.

Nina hasira, Mwantumu. Toka Jumamosi nina hasira hata na sufuria. Unakumbuka Jumamosi, kikundi chetu cha wajane wafugaji kilipokuja kukuaga. Ulivaa dera la bluu, ukasimama katikati ya uwanja, mama zako wote wamekuzunguka, ukasema kwa sauti ile yako ya kutotaka mchezo: "Mimi nilipokuwa na miaka tisa niliua kuku wa marehemu baba. Nilishindwa kumaliza chanjo, kideri kikawamaliza wote. Ndiyo maana nakwenda kusoma. Sitaki mtoto mwingine abebe mzigo huo."

Ukasubiri wapige makofi. Hawakupiga. Ukadhani wameguswa.

Hawakuguswa, mwanangu, walishangaa. Maana wanawake wale wote wanayo hadithi nyingine ya kuku haohao, nao waliipata kwangu. Wakanigeukia mmoja mmoja, kama kuku wanaposikia mlango wa banda. Mama Neema alinitazama mpaka nikaenda jikoni kukoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa.

Kesho yake asubuhi, wewe ukiwa bandani, alikuja. Unamjua Mama Neema, tangu atoke Babati na watoto wake watatu hajajifunza kuzunguka maneno. Hakukaa.

"Mama Mwantumu, nikuulize. Kuku wako walikufa mara ngapi?"

"Mara ngapi vipi?"

"Sisi umetuambia mashemeji waliwachinja kwa nguvu. Mtoto umemwambia kideri. Kuku mmoja hafi mara mbili, dada yangu. Hata wa Pwani."

Nikamwambia ni habari ndefu. Akasema, "Fupisha, ila siyo kwangu. Kwa mtoto." Akaondoka, akaniachia mlango wazi makusudi.

Basi nianze tulikotoka.

Ulikuwa mdogo tulipokuwa Vihingo, lakini banda lile hujalisahau, maana ulilichora kwenye kila daftari. Baba yako Shabani alilijenga kwa mikono yake, miti na mabanzi, lango likaning'inia upande kama mtu aliyeumwa jino. Nilimcheka. Nilimwambia, "Mume wangu, hili banda au swali la hesabu?" Akasema kuku hawajui mstari ulionyooka, wanajua pumba. Tulianza na vifaranga mia wa mayai. Karibu nusu walinifia mimi. Niliwawekea jiko la mkaa wapate joto, nikaziba matundu yote baridi isiingie, na asubuhi nikakuta nimewakausha kwa moshi kama samaki. Shabani alichukua shoka akafungua dirisha juu ya banda. Baada ya hapo kila nilipotaka kuziba kitu, hata kibuyu, alikuwa anakohoa.

Waliobaki walikua. Mitetea hamsini na kitu, manyoya yanang'aa. Alisema ni wako. Alisema mbele ya kaka yake Kondo na dada yake Mwamvua, wamekaa wanakula mihogo: "Hawa ni wa shule ya Mwantumu. Mimi na mama yake tunawalisha tu." Na chanjo ilipofika mliifanya nyie wawili. Yeye alimshika kuku, wewe ulidondosha tone jichoni, ulimi umeutoa nje kwa umakini. Mimi nilikatazwa kusogea kwa sababu ya rekodi yangu ya moshi.

Mitetea walikuwa wameanza kutafuta pembe za kutagia pale Shabani alipougua siku nne na kufa.

Unajua kilichofuata kwa upande wako. Mimi nilikaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani, nguo nyeupe, wanawake wa ukoo wamenizunguka. Sikasirikii eda, usinielewe vibaya. Kukaa na kunyamaza kwa ajili ya mtu uliyempenda si adhabu. Nakasirikia jinsi nilivyoigeuza. Nilijifanya kwamba pamoja na miguu, nimefungwa ulimi pia.

Wiki ya tatu chanjo ikafika zamu yake. Jirani alileta kile kichupa. Nikasema nitoke dakika moja tu, niko uani kwangu. Bibi mmoja akasema mjane hafukuzi kuku. Nikakaa. Nikakutuma wewe, peke yako, miaka tisa. Nilikuona kupitia dirishani, umembana kuku kwa magoti, mkono mmoja kichwani kwake, mwingine una kichupa. Ulifika katikati, kikateleza, kikapasukia kwenye jiwe la mlango. Ulikuja dirishani umelowa machozi. "Mama, nimewaruka wa kule nyuma wote." Nikakwambia Mungu yupo. Yupo, kweli, lakini hakuwa amekaa eda. Ningeweza kumwita jirani kwa sauti alete kichupa kingine.

Kisha wakubwa wakasema mtoto analia sana, apelekwe Mlandizi kwa mama yake mdogo apumzike. Ukapelekwa. Uliporudi banda lilikuwa tupu.

Sasa hadithi niliyowapa mama zako wa kikundi ni hii, nakusimulia kama ninavyoisimulia siku zote. Arobaini ilikaribia. Ndugu wa mume wakakaa kikao bila mimi. Mchele upo, nazi zipo, kitoweo hakuna. Wakawakumbuka kuku wa marehemu. Wakafungua banda, wakawakamata kwa miguu, wawili wawili, wakawachinja wote kwa ajili ya hitma, na mimi mjane niko ndani, nguo nyeupe, ningesema nini? Hapo Mama Neema huwa analia. Wengine wanasonya, wanasema, "Mashemeji! Mashemeji!" na kila mmoja anatoa la kwake, kitanda, baiskeli, shamba, cherehani. Maana wapo walioporwa kweli, Mwantumu. Kwenye kikundi kile yupo mama aliyechukuliwa hadi bati. Nami niliketi katikati yao nikala huruma yao kama nilivyokula ule wali wa arobaini. Hilo nalo linanichoma.

Kwa hadithi hiyo nikapata uenyekiti. Usicheke. Tulipofika Kibaha hapa sina kitu, siku ile wale watu wa mradi wa wajane walipokuja na boksi za vifaranga na bango, walitafuta mjane mwenye ushuhuda. Nilikuwa nao, umekamilika, hadi pa kupumzika. Wakanipiga picha nimeshika kifaranga. "Mama, tabasamu. Siyo sana. Tabasamu kama mjane." Wakatupa vifaranga bila chakula wala taa ya joto, wakapanda gari. Wa Mama Neema hawakufa hata mmoja kwa sababu aliwalaza na watoto wake chumba kimoja. Wa kwangu walipona kwa sababu yako. Uliniondolea jiko, ukafungua dirisha, ukaanza kuhesabu matone.

Na kwa Mama Neema ndipo nilipojifunza kinachoniuma mpaka leo. Mchungaji wake alimtembelea, naye Mama Neema akampikia maharage. Maharage! Kuku wanapiga kelele nyuma ya ukuta, mchungaji anatafuna maharage. Niliona haya kwa niaba yake. Mchungaji akasema kwa upole, "Mama Neema, naona Bwana amekubariki kuku."

"Amenibariki ada ya Neema, mchungaji," akajibu. "Ina manyoya tu."

Mchungaji alicheka mpaka akaomba aongezewe maharage. Mimi sikucheka. Nilikwenda nyumbani nikakaa nyuma ya banda. Nilikuwa nimeishi miaka yote nikiamini kwamba neno kama lile mwanamke hawezi kulisema, kwamba dunia itapasuka. Na yeye kalisema huku anapangusa meza.

Kama kuna kitu nimejifunza, mwanangu, ni hicho kimoja, na nimekilipia wewe. Watu wengi wanaotuvuna hawaji na panga. Wanakuja na kimya, wanasubiri tujivune wenyewe. Nilikuwa nataka niishie hapo. Sentensi ni nzuri, eh? Nimeisoma mara mbili. Ila hata hiyo inawasingizia watu, kwa hiyo futa. Nikuambie kilichotokea.

Ilikuwa siku ya thelathini na saba, alasiri. Baba yako mkubwa Kondo alikuja, akakaa kwenye mkeka nje ya mlango, kwa sababu niko eda, pazia kati yetu. Ndani tulikuwa mimi, shangazi yako Mwamvua na wanawake wengine watano. Nilimwamkia, akaitikia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Alikuwa amezika mdogo wake.

"Shemeji," akasema, "tumekaa sisi ndugu. Mchele tumepata. Kitoweo tumeona tuchange tununue mbuzi wawili. Nimekuja kukuarifu tu. Wale kuku msiwaguse, ni wa mtoto, marehemu alisema mbele yangu."

Alisema hivyo. Neno kwa neno. Wale kuku msiwaguse.

Nami asubuhi ile nilikuwa nimesikia, kupitia dirisha la jikoni, mwanamke mmoja akimwambia mwenzake: "Mjane gani huyu, kila saa kuku wamekula, kuku wamekunywa? Hajauliza hata hitma itasomwa na nani." Mwenzake akacheka. Kicheko kidogo tu. Nilikaa nacho kutwa. Kondo aliposema mbuzi wawili, nilijua wale wanawake watano wamesimamisha pumzi kusikiliza nitasema nini, na nikataka kuwaziba midomo.

Nikasema, "Mbuzi wawili kwa Shabani? Hapana, shemeji. Chukueni kuku."

Akauliza, "Wangapi?"

"Wote."

"Wote, shemeji? Na Mwantumu?"

"Mwantumu ni mtoto. Atapata wengine."

Shangazi yako Mwamvua akanishika goti. "Wifi, basi hata kumi tu. Wanaanza kutaga hawa."

Nikauondoa mkono wake. Nikasema kwa sauti, ili ifike hadi jikoni, "Wote. Msije mkasema nilimbania kaka yenu."

Hakuna aliyeninyang'anya kitu. Niliombwa nisitoe, mara tatu, nikatoa.

Walichinjwa siku ya arobaini, alfajiri. Watu walikuja hadi kutoka vijiji vya mbali, sahani zikajaa, na kila mtu akasema arobaini kama ile Vihingo haijapata kuonekana. Nilizisikia sifa zile kupitia pazia na nilifurahi. Andika hilo kichwani mwako, kwa sababu mimi nimejitahidi sana kulifuta: nilifurahi. Kisha wanawake waliokuwa wanapasua kuku wakaingia na beseni. Ndani yake yalikuwa mayai ambayo hayajapata ganda, ya njano tupu, makubwa kwa madogo, yameshikana kama shanga. Kila kuku alikuwa na yake. Miezi ya mayai, mwanangu, ndani ya beseni moja. Wakayapika na nazi. Na firigisi, ambayo nyumbani kwetu alikuwa anapewa baba yako, waliniletea mimi kwa heshima, kwenye kisahani. Nilikula. Ilikuwa tamu.

Mwaka wa pili tukiwa hapa Kibaha, Kondo alikuja na mitetea wawili na jogoo, amewafunga miguu, kasafiri nao toka Vihingo. Nilikwambia uingie ndani usimwamkie. Nilimwambia hatuna haja na kuku wake. Ulidhani ni mtu mbaya. Nilitaka udhani hivyo. Yeye na Mwamvua na wale wanawake watano ndio waliojua, na yeye hajawahi kukwambia. Ukitaka kumwona, njia unaijua. Mimi nitakwenda wiki ijayo, kama miguu itakubali kufika.

Bado siku uliyorudi kutoka Mlandizi. Nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo ninayoiogopa.

Ulikuja siku nne baada ya arobaini. Ulishuka kwenye pikipiki ya mume wa mama yako mdogo, umekumbatia chupa ya chai kifuani. Ulisema, "Shikamoo mama," hukungoja niitikie. Ukafungua kifuniko, ndani kulikuwa na vipande vya barafu na kitambaa, na ndani ya kitambaa kichupa kipya cha chanjo. Ulikuwa umemsumbua mama yako mdogo wiki nzima mpaka akakununulia. "Nimekuja kuwamalizia wale wa nyuma," ukasema, na ukakimbilia bandani.

Manyoya tulikuwa tumeshayachoma. Nilikuona kupitia dirishani ukisimama katikati ya banda tupu. Ulisimama muda mrefu. Uliporudi hukuwa unalia. Ulisimama mlangoni ukaniuliza, "Mama, ni kideri?"

Sikuwa nimefikiria uongo wowote, mwanangu. Wewe uliuleta, ukauweka mkononi mwangu, nami nikaufumba. Nikasema, "Ndiyo."

Ukauliza, "Ni wale niliowaruka ndio waliowaambukiza wenzao?"

Hapo nilikuwa na nafasi. Wanawake walikuwa wameshaondoka, nyumba nzima ilikuwa mimi na wewe, hakukuwa na wa kunicheka. Ningesema hapana, neno moja. Lakini kama si wewe, ungeuliza basi ni nani. Nikasema, "Pengine."

Ukafunga kile kichupa kwenye kitambaa, taratibu, ukakirudisha kwenye barafu, ukasema, "Samahani, mama." Na mimi nikakusamehe. Nilikusamehe, Mwantumu, kwa mdomo wangu huu.

Hawakuugua. Asubuhi waliyochinjwa hapakuwa na hata mmoja aliyepinda shingo wala kulegeza bawa. Walikuwa wazima, wazito, mishipa ya shingo inapiga, uliowatia matone na uliowaruka. Hukuua kuku hata mmoja. Niliwatoa mimi, mama yako, ili wanawake watano waninyamazie.

Mama